Ukuta wa Ghala la Chumvi

Bi Dunia alikataa kwa upole, na upole huo ulimuudhi Inspekta Eufrasia kuliko ambavyo angeudhika kwa matusi.

"Mama polisi, unanitafutia dhambi," alisema. Alikuwa ameketi mkekani barazani kwake, Ujiji, anapepeta mchele. "Nimeosha wanawake wa mji huu tangu hujazaliwa. Nilichokiona kwenye mwili wa marehemu kinakwenda na marehemu. Uniulize wewe, aniulize hakimu, jibu ni hilohilo."

"Sikuulizi aibu yake, bibi. Nakuuliza majeraha."

"Leo majeraha, kesho utauliza nini? Mdomo ukishafunguliwa haujui pa kukomea."

"Kuna mtu yuko mahabusu kwa kifo hiki. Feliksi, seremala. Jumatatu anapelekwa mahakamani."

"Nimesikia, na ninamwombea." Bi Dunia alitupa chuya chini, kuku wakazigombania. "Karibu chai."

Eufrasia alikunywa chai, maana kuikataa kungefunga mlango kabisa. Kisha akaaga na kuondoka mikono mitupu, na Konstebo Leodgar akamfuata kimya. Leodgar alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye kipaji cha kujua lini bosi wake hataki kusemeshwa.

Marehemu alikuwa Shadia Songoro. Ndiye aliyeushawishi ukoo wake ulitoe Ghala la Chumvi, jengo la biashara la babu zao, ligeuzwe nyumba ya utamaduni ya watu wote: ukumbi wa ngoma na mashairi chini, chumba cha kina mama wa kusuka mikeka, na juu mahali pa kuhifadhi vitu vya kale vya ziwa. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikilala humo zamani kabla ya kuvushwa kwenda ng'ambo. Baadaye likawa duka la vitenge, mwishowe likaachiwa popo. Shadia alilihangaikia hadi wafadhili wakapatikana na mafundi wakaanza kazi.

Alhamisi asubuhi Feliksi alifungua mlango akamkuta chini ya ngazi, amekufa, na juu yake sakafu ya ghorofani ina tundu lililovunjika ubao. Watu walikusanyika, mtu mmoja akasema ubao ule aliupigilia Feliksi, na kabla jua halijapanda sawasawa seremala wa watu alikuwa amepasuliwa kichwa na karakana yake inawaka moto. Polisi walimwokoa kwa kumkamata. Ukoo ukasema ni kudra ya Mungu, ofisa wa zamu akasema ni ajali, na baada ya Adhuhuri Shadia alikuwa kaburini. Hakuna daktari aliyemtazama. Eufrasia alirudi kutoka safari ya kikazi Kasulu jioni yake, akakuta jalada karibu limefungwa: kusababisha kifo kwa uzembe.

Mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, alipenda majalada membamba. "Kufukua kaburi Ujiji?" alimuuliza. "Unataka wenyeji wanifukuze mpaka stendi? Lete kitu cha kumpa hakimu, au Jumatatu mtu wako aende."

Kwa hiyo Ijumaa hiyo, baada ya chai ya Bi Dunia, Eufrasia alikwenda ghalani.

*

Mhandisi Catherine aliwasubiri mlangoni, macho mekundu. Alikuwa msimamizi wa ukarabati, mgeni wa mji, na siku Shadia anakufa alikuwa Uvinza akikagua mbao. Kituo kilikuwa kimelifunga jengo tangu Alhamisi jioni, hata yeye hakuruhusiwa kuingia.

"Mligombana naye wiki iliyopita," Eufrasia alianza bila salamu ndefu.

"Kuhusu siku ya ufunguzi. Mimi nilitaka tuisogeze, yeye hakutaka. Tulipatana siku hiyohiyo, tukala samaki wa migebuka pamoja." Catherine alimkazia macho. "Ndio umekuja kunishuku?"

"Ninamshuku kila mtu kwa zamu. Twende kwenye ngazi."

Chini ya ngazi palikuwa na doa lililomwagiwa mchanga. Mguuni pa ngazi kulikuwa na mbao mbili zilizopishana, zimepigiliwa misumari ukutani na kwenye nguzo, kuzuia watu wasipande. Feliksi alisema alizipigilia mwenyewe Jumatano, kwa sababu sakafu ya juu haikuwa imekaguliwa yote. OCD alikuwa na jibu: mwanamke mwembamba angeweza kupenya.

"Leodgar. Penya."

Leodgar alivua kofia, akaingiza kichwa, bega moja, akakwama. Alijaribu kwa chini, shati likachanika mgongoni. Alitoka anahema.

"Afande, labda nyoka."

Wakaleta ngazi ya mafundi, wakapandia dirishani kutoka nje. Juu kulikuwa na giza na harufu kali. Kinyesi cha popo kilikuwa kimetanda sakafuni kote, kikavu, kinene cha kuzamisha kidole. Eufrasia alisimama dirishani asiingie. Alimulika tochi polepole kutoka ukuta hadi ukuta, hadi kwenye ubao uliovunjika. Hakukuwa na hata unyayo mmoja. Kingo za ubao zilikuwa zimebinuka kuelekea juu, na vibanzi vimelala juu ya kinyesi.

"Ubao umegongwa kutoka chini," alisema. "Kwa mti mrefu. Hapa juu hakupanda mtu."

Leodgar alipiga picha. Eufrasia alishuka akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwa ofisa wa zamu ambaye hakujisumbua hata kuinua macho. Shadia hakuanguka. Alifia pengine, akaletwa hapa, akalazwa chini ya tundu lililotobolewa kwa ajili yake.

"Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini?" alimuuliza Catherine.

"Jumatano mchana, kwa simu. Alisema amepata kitu kwenye stoo ya chumvi. Kulikuwa na sehemu ya ukuta iliyozibwa zamani, tofali zikalegea, akazitoa. Nikamwambia anitumie picha. Akasema hapana, ni jambo la ukoo, lazima amwambie baba mdogo kwanza. Ndivyo walivyolelewa, mkubwa ajue kwanza. Ningekuja na kamera Ijumaa."

"Baba mdogo ni nani?"

"Mzee Nasoro. Ndiye aliyemlea Shadia baada ya baba yake kufariki."

Stoo ya chumvi ilikuwa nyuma, chumba kisicho na dirisha. Kuta zake zilimeta unyevu. Chumvi iliyolala humo miaka na miaka iliingia ndani ya tofali, na kila masika kuta hutoka jasho. Mafundi walijua kwamba chumba kile kingesubiri kiangazi. Lakini ukuta wa mwisho ulikuwa na lipu mpya, ya kijivu, mbaya, imepakwa kwa mikono isiyojua mwiko. Chini yake mifuko ya chokaa ilikuwa imepangwa hadi usawa wa kiuno.

Catherine aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka.

"Hii ni simenti." Sauti yake ilipanda. "Nani ameleta simenti humu? Tunatumia chokaa peke yake. Simenti haipumui, inafungia unyevu ndani, nyumba ya zamani inaoza. Shadia alimfukuza kibarua kwa kuingiza ndoo moja tu. Ilikuwa marufuku hata kuipitisha getini."

"Hilo tundu alilotoa tofali lilikuwa wapi?"

"Hapahapa. Alisema ukuta wa mwisho."

Leodgar alinyoosha mkono kwenye mfuko wa kwanza. Eufrasia alimzuia.

"Usiguse. Tutaibomoa mbele ya mwenye nyumba na mjumbe wa mtaa. Tukitoa kitu humu wenyewe, wakili atasema tumekileta mfukoni." Akamgeukia Catherine. "Funguo za jengo wanazo wangapi?"

"Shadia, Feliksi na Mzee Nasoro. Mimi nilimwachia Shadia wa kwangu nilipokwenda Uvinza."

Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mgumu. Eufrasia aliisikia sauti ya OCD kabla hajamwambia lolote: fundi ndiye mwenye mwiko, na fundi alikuwa na ufunguo. Simenti peke yake ingemzamisha Feliksi badala ya kumwopoa.

*

Kituoni, Feliksi aliketi sakafuni, bandeji kichwani. Alipomwona alijaribu kusimama.

"Mwidiwe, afande," alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Kaa. Nioneshe viganja."

Aliinyoosha mikono kupitia nondo. Ilikuwa na sugu za nyundo na kovu la zamani la msumeno. Ngozi ilikuwa nzima.

"Umewahi kupiga lipu kwa simenti kwenye lile ghala?"

"Kwa dada Shadia? Angenila nyama. Miye ni wa mbao tu, afande. Lipu ni ya mafundi wengine na hawana ufunguo." Akagusa bandeji. "Wameniambia karakana imeungua yote. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Feliksi alitikisa kichwa, akairudisha mikono ndani ya nondo. Eufrasia alimwonea huruma, na hakupenda kwamba huruma haikuwa na kazi yoyote ya kufanya pale.

Leodgar alikuwa amefuatilia njia nyingine, maana wauza mawese waliohamishwa barazani pa ghala waliwahi kumtolea Shadia maneno makali. Alirudi na jibu fupi: wote walikuwa Kagunga tangu Jumanne, wamekwama huko na mashua mbovu, na nusu ya kijiji iliwaona wakigombana na fundi wa injini. Njia hiyo ikafa.

*

Jumamosi Alasiri, Eufrasia alikwenda matangani kwa Mzee Nasoro. Alijifunga kitenge na mtandio, akakaa upande wa wanawake mahali anapouona uwanja wa wanaume. Hakwenda kuhoji. Alitaka kumtazama tu, kwa sababu mtu msibani husahau kujitazama.

Nasoro alikuwa mzee mwenye heshima zake, kanzu safi, sauti ya chini. Watu walimwendea mmoja mmoja kumpa pole. Aliwapokea mkono umeingia ndani ya kanzu, akiwapa kifundo badala ya kiganja. Eufrasia aliliona hilo na akadhani ni baridi yabisi. Kisha shehe akasoma dua, na uwanja mzima ukainua mikono.

Hapo Nasoro hakuwa na namna. Aliinua viganja kama wenzake. Vilikuwa vyekundu, vimechunika kuanzia ncha za vidole hadi kwenye vifundo, vimepasuka mistari mirefu, na vimepakwa mawese yakang'aa juani.

Eufrasia aliitikia amina pamoja na wengine, ingawa yeye ni Mkristo. Dua ilipokwisha alimfuata mzee pembeni.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu."

"Mikono imefanya nini?"

"Sufuria," alisema upesi. "Nilishika sufuria ya wali ya msibani bila kitambaa. Mtu ukiwa na machungu hujui unashika nini."

"Pole. Mzee, kesho asubuhi nitakuomba uje ghalani na mjumbe. Kuna ukaguzi wa mwisho, wewe ndiye mwenye nyumba."

"Ukaguzi wa nini? Si mmeshamkamata mwenyewe?"

"Ni taratibu tu, za kufungia jalada."

Neno la kufunga lilimtuliza. Alikubali. Eufrasia aliporudi kwa wanawake jikoni aliuliza bila haraka nani anapika, wakacheka kidogo katikati ya huzuni yao. Mzee Nasoro na sufuria? Tangu lini? Maji ya kunywa tu anapelekewa.

Simenti humla ngozi hivyohivyo mtu asiyeizoea akiisawazisha kwa mikono mitupu. Eufrasia alimwona baba yake mwenyewe alipojenga kwao Kasulu, wiki nzima akilishwa na mkewe. Lakini mzee yule angesema aliziba ukuta wa baba yake baada ya mazishi, na hilo si kosa la jinai. Kilichohitajika ni kuonesha kwamba simenti na Shadia vilikutana, akiwa bado juu ya ardhi.

Akasimama katikati ya uchochoro. Leodgar alidhani amejikwaa.

"Afande?"

"Alipooshwa alivuliwa nguo," alisema. "Nguo zimekwenda wapi?"

*

Bi Dunia aliulizwa swali hilohilo. Safari hii hakukaribisha chai.

"Ulijuaje?"

"Sijui kitu. Nauliza."

"Huku kwetu nguo alizofia marehemu anapewa muosha. Bibi yangu alipewa, mama alipewa. Mkewe Nasoro alinikabidhi mwenyewe, pamoja na sabuni iliyobaki." Alivuta ukucha wa kidole gumba kwa kingine. "Nilitaka kumpelekea mjukuu. Nimeloweka mara ya kwanza, nimeloweka mara ya pili. Haitoki."

"Nini haitoki?"

Macho yake yalihamia ukutani, na Eufrasia alielewa kwamba mwanamke yule alikuwa anapima jambo zito. Nje mtu alikuwa anauza dagaa kwa kuita, akapita, akaishia.

"Mwili ni amana," Bi Dunia alisema mwishoni. "Huo sikuambii hata ukinifunga. Lakini nguo ni yangu. Nilipewa. Na changu naweza kumpa nimtakaye."

Aliinuka akaingia ndani, akarudi na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na dera la zambarau. Eufrasia alivaa glavu, akalikunjua mkekani. Begani palikuwa na doa jeusi la damu ambalo maji yalilififisha. Kwenye mkono wa kulia, kuanzia pindo hadi karibu na kiwiko, kitambaa kilikuwa kigumu, kijivu. Kilikauka na mikunjo yake ndani, ukikigonga kinalia.

"Hakuna aliyelitazama?" aliuliza Leodgar.

"Nani atazame, mwanangu? Nguo ya maiti watu wanaikimbia." Bi Dunia alikaa chini taratibu. "Yule aliyenipa hakujua anachonipa. Alitimiza desturi tu."

Nasoro alikuwa ameharakisha kila kitu: maziko kabla ya daktari, lawama kabla ya uchunguzi, ukuta kabla ya kamera. Lakini kumnyima muosha haki yake kusingemjia akilini hata siku moja. Mtaa mzima ungeuliza kwa nini.

Eufrasia aliandika hati ya kupokea kielelezo. Bi Dunia alitia dole gumba.

"Feliksi atatoka?"

"Kwa hili tu, bado. Lakini nina pa kuanzia."

"Basi niliyotenda ni mema," alisema mama yule, lakini alikuwa analia, na hakujificha.

*

Jumapili asubuhi ilikuwa na mvua. Stoo ya chumvi ilikuwa imejaa watu watano na harufu ya unyevu. Mjumbe wa mtaa alisimama mlangoni na mwavuli wake. Catherine alishika tochi kubwa. Nasoro alikuja na kanzu ya kijivu, akautazama ukuta kama mtu anayekutana na mdai wake, kisha akatazama pembeni.

"Mzee, lipu hii kapiga nani?"

Alikuwa amejiandaa. "Mimi."

Catherine alifungua mdomo. Eufrasia alimwinulia kidole.

"Lini?"

"Alhamisi. Baada ya kuzika. Sikutaka kusema jana, nikakudanganya habari ya sufuria, unisamehe. Ni nyumba ya baba yangu. Kulikuwa na tundu, nikaliziba."

"Kulikuwa na nini ndani ya tundu?"

Mzee alipumua. "Pete. Za chuma, zimefungwa ukutani, zimepangwa chini usawa wa vifundo vya miguu. Unajua zilikuwa za nini. Hapakuhifadhiwa chumvi peke yake." Akamgeukia mjumbe, kana kwamba mjumbe ndiye hakimu. "Mji huu wote unatuita waungwana. Babu yetu alijenga msikiti, alichimba kisima. Mtoto yule alitaka watu walipie kiingilio waje waone pete. Nikamwambia, Shadia, hii ni aibu yetu. Akaniambia, baba, ni aibu yetu ndiyo maana tuioneshe sisi, wasituoneshe wengine."

"Alikwambia wapi?"

"Nyumbani. Jumatano mchana."

"Hapa hakuja?"

"Sikumwona hapa."

"Na ukuta uliupiga Alhamisi, yeye yuko kaburini."

"Nimeshasema."

Eufrasia alitoa mfuko wa kielelezo, akalikunjua dera mbele ya tochi ya Catherine. Nasoro alilitambua kabla halijafunguka lote. Mkono wa nguo ulisimama wenyewe, mgumu.

"Hii alikuwa ameivaa alipokufa. Mkeo ndiye aliyempa Bi Dunia. Ulipomzika Alhamisi mchana, simenti hii ilikuwa tayari imeganda mkononi mwake. Simenti yako ilimfikiaje kabla hujapiga ukuta wako?"

Mvua ilizidi juu ya bati. Nasoro alilamba midomo.

"Ngazi... Mafundi wana simenti. Labda alishika..."

"Hakuna simenti jengo hili lote," alisema Catherine. "Isipokuwa hapo."

"Basi ya Feliksi. Feliksi ana ufunguo."

"Feliksi nimemtazama viganja, mzee. Na wewe umeshakiri lipu ni yako." Eufrasia alikunja dera. "Mjumbe, naomba ushuhudie. Leodgar, ondoa mifuko."

Ilikuwa imepangwa safu kwa safu. Leodgar aliishusha mmoja mmoja, chokaa ikamfanya mweupe hadi nyusi. Nyuma ya mifuko lipu iliendelea hadi sakafuni, na kule chini ilikuwa mbaya zaidi, imerushwa ovyo gizani. Alipouvuta mfuko wa mwisho, Catherine aliinamisha tochi.

Karibu kabisa na sakafu, usawa wa mtu aliyelala, kulikuwa na mistari minne ndani ya simenti. Ilianza pamoja, ikateremka kuelekea kulia, ikakomea chini. Ilikatwa ikiwa mbichi. Mwishoni mwa mstari mmoja kitu kidogo chekundu kilikuwa kimenasa, na Leodgar akapiga magoti, akakitazama kwa karibu, akageuza uso. Ulikuwa ukucha wenye hina.

Eufrasia alikuwa amejiandaa kuonesha kwamba mtu aliuawa chumba hiki. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Alikuwa hai," alisema. "Ulipokuwa unapiga lipu, alikuwa hai, hapa miguuni pako."

Mjumbe alianza kuomba kwa sauti ya chini. Nasoro hakuwa anaitazama mistari. Namna alivyokwepa kuiangalia ilionesha kwamba alishaijua.

"Piga kituo," Eufrasia alimwambia Leodgar. "Waambie Feliksi anatolewa leo. Kisha nitaongea na OCD mwenyewe." Akamgeukia mzee. "Mzee Nasoro, uko chini ya ulinzi kwa kumuua Shadia Songoro. Hulazimiki kusema lolote."

Alisema, hata hivyo. Alizungumza akiutazama mlango, kwa sauti ileile ya chini aliyopokelea rambirambi.

"Jumatano usiku alinikuta hapa nimeshaanza kuziba. Akanishika mkono, anang'oa tofali. Nilimsukuma, nia ilikuwa anipishe tu. Kichwa kikapiga pale kwenye jiwe la mlango, akatulia. Nikadhani amezimia, nikadhani amekufa, sijui nilidhani nini. Simenti nilikuwa nimeshaichanganya. Ingeganda kwenye karai."

"Hukumsikia?"

Nasoro alifumba macho.

"Alitambaa mpaka hapa ukutani, akaniita baba. Nikamwambia subiri, mwanangu, nimalize."